Stima, Samaki na Mgongo wa Mama

Daktari aliibandika picha kwenye kile kisanduku chenye taa, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Pingili hii iko sawa. Skrubu hizi hazijasonga. Neva hapa haijabanwa. "Mama, upasuaji ulienda vizuri. Picha iko safi kabisa."

Mama alimwangalia kwa muda. "Sasa daktari, kama picha iko safi, mbona mimi silali?"

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje kulikuwa na foleni. Akasema labda ni umri, labda ni mawazo mengi, akatuandikia tembe zingine. Tukiwa kwenye matatu tukirudi nyumbani nikafanya kosa ambalo bado linanikera. Nilimwambia, "Mama, labda daktari ana pointi. Labda unaufikiria huo mguu sana." Hakunijibu. Aligeukia dirisha na hakusema neno mpaka tukashuka stage.

Mama alibeba marobota ya mitumba Gikomba kwa miaka ishirini. Mgongo ulipokataa, alifanyiwa upasuaji, mwaka wa 2019. Mgongo wenyewe ulipoa kiasi. Kilichobaki ni maumivu yanayoshuka mguu wa kushoto, mchana na usiku. Kitabibu, maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Ya Mama yalikuwa yamepita miaka mitatu.

Binamu yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, ndiye alitutajia ile mashine mara ya kwanza. Alisema huko kuna wagonjwa wanaowekewa waya mgongoni, stima kidogo inapitishwa, na maumivu yanapungua. Mama akacheka. "Stima? Hii ya nyumba yenyewe inapotea kila jioni, ndio niwekewe mgongoni?"

Nilianza kusoma nikitafuta bei tu. Bei nikaipata: makumi ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja huko Marekani. Hapo ningefunga simu nilale. Lakini nilikuwa nimeshaona jambo jingine likanizuia. Hii mashine ina historia ndefu, na katika hiyo historia kuna swali moja linalorudi kila mara, lile lile la Mama kwa daktari: maumivu yasiyoonekana yanapimwa na nani?

Historia yenyewe inaanza na samaki.

Huko Saqqara, Misri, kuna kaburi la ofisa mmoja aliyeitwa Ti, la zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwenye kuta zake wamechongwa wavuvi na samaki wa Mto Nile, na miongoni mwa samaki hao yumo kambare wa umeme. Huyu ni kambare ambaye ukimshika anakupiga shoti. Waarabu wa Misri humwita raad, neno la ukoo mmoja na "radi" yetu. Kama Wamisri wa kale walimtumia kama dawa, mchoro hausemi. Unachosema ni kwamba walimjua.

Aliyeandika matumizi yake kama dawa ni Mrumi, Scribonius Largus, tabibu wa enzi za Mfalme Klaudio. Karibu mwaka wa 47 baada ya Kristo aliandika kitabu cha dawa, na ndani yake kuna tiba ya jongo, ule ugonjwa wa vidole vya miguu kuvimba na kuuma kama moto. Mgonjwa alitakiwa asimame ufukweni, kwenye mchanga uliolowa, akanyage taa hai, yule samaki bapa, wa aina yenye umeme. Asitoke hapo mpaka mguu wote ufe ganzi, kutoka wayo hadi gotini. Kwa kichwa kinachouma, samaki aliwekwa pale pale panapouma. Scribonius anataja hata mtu aliyepona kwa njia hiyo: Anteros, aliyekuwa mtumwa wa Mfalme Tiberio kabla ya kuachwa huru.

Nilimsomea Mama habari hiyo jikoni. Akauliza, "Na walijuaje amepona?"

Nikamwambia, "Alisema."

"Aah," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Umeme ulitangulia, basi. Maelezo ndiyo yalichelewa. Kwa karne nyingi Wazungu waliosoma waliyafikiria maumivu kwa mfano ulioachwa na René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa. Katika kitabu chake kuhusu mwili wa binadamu, kilichochapishwa miaka ya 1660 akiwa tayari amefariki, kuna mchoro wa mtu ambaye mguu wake uko karibu na moto. Moto unagusa ngozi, uzi mwembamba unavutwa hadi kwenye ubongo, na huko ni kama kengele inalia. Ukivuta kamba upande huu, kengele inalia upande ule.

Ni mfano rahisi kueleweka, na kwa kidonda kibichi unatosha. Lakini una madhara yake. Kama maumivu ni kengele, basi lazima kuna mkono unaovuta kamba. Na daktari akitafuta huo mkono akaukosa, kinachobaki ni kusema kwamba kengele hailii, wewe unajifanya unaisikia. Daktari wetu na ile picha safi hakuwa amebuni kitu kipya. Alikuwa anatumia akili ya karibu miaka 400.

Waliouvunja mfano huo kwanza walikuwa askari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, daktari aliyeitwa Silas Weir Mitchell alihudumia majeruhi wa neva mjini Philadelphia. Aliona watu ambao risasi ilishatoka, kidonda kilishafunga, ngozi imepona, lakini mkono bado unawaka. Wengine walikaa na vitambaa vilivyoloweshwa maji wakiuzungushia mkono siku nzima. Aliona pia askari waliokatwa miguu wakilia kwamba kidole cha mguu usiokuwepo kinauma.

Utaandikaje jambo kama hilo bila kuonekana umerukwa na akili? Mitchell aliliandika kwanza kama hadithi fupi. Mwaka wa 1866 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha "The Case of George Dedlow", bila jina la mwandishi, hadithi ya mwanajeshi aliyepoteza mikono na miguu yote lakini bado anaihisi. Wasomaji wakaamini ni habari ya kweli, na baadhi yao wakamchangia pesa mgonjwa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1871, ndipo Mitchell aliandika kwa jina lake mwenyewe kuhusu viungo hivyo vya mzuka.

Hapa niliweka simu chini. Watu walimwamini George Dedlow wa kubuni na kumtumia pesa. Mimi nilikuwa nimeshindwa kumwamini mtu aliyenizaa, tukiwa tumekaa kiti kimoja.

Maelezo yenyewe yalikuja mwaka wa 1965. Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, Mwingereza aliyekuwa akitafiti neva huko Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science makala yaliyobadilisha mchezo. Waliita wazo lao nadharia ya lango.

Ichukue hivi. Ndani ya uti wa mgongo inapita ile kamba nene ya neva inayounganisha mwili na ubongo. Kila habari kutoka mguuni lazima ipitie hapo. Melzack na Wall walisema kwamba pale inapoingilia kuna kitu kama geti la ploti, na soja amekaa. Neva nyembamba hubeba habari za maumivu, na neva nene hubeba habari za kuguswa, kusuguliwa, kutetemeshwa. Zote zinafika kwa soja mmoja. Wale wa neva nene wakija wengi, soja anabanwa nao na geti kwa wale wa maumivu linafungwa nusu. Na ubongo nao una namba ya huyo soja: unaweza kumpigia kutoka juu, ukamwambia afungue zaidi au afunge. Hofu, upweke, kukosa usingizi, vyote vinapiga hiyo simu.

Hilo kila mama wa Kiafrika alilijua kabla ya 1965. Mtoto akianguka na kugonga goti, hatafutiwi picha. Anavutwa karibu, goti linasuguliwa, linapulizwa, anaambiwa pole. Na maumivu yanapungua kweli. Kusugua kunaamsha neva nene. Pole inapiga simu kutoka juu.

Sehemu kadhaa za mchoro wao zimerekebishwa tangu wakati huo, maana neva zina mambo mengi kuliko geti na soja. Lakini jambo la msingi lilibaki. Maumivu si kengele. Ni mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kuharibika hata kama kidonda kimepona. Soja anaweza kusahau kufunga geti. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na lugha ya kitaalamu ya kusema kwamba picha inaweza kuwa safi na mtu awe anaumia.

Na kama kuna geti, basi kuna mtu atajaribu kulifunga kwa stima. Mwaka wa 1967 Wall na daktari mpasuaji William Sweet waliripoti majaribio ya kupitisha umeme kwenye neva za wagonjwa. Kabla ya kuwagusa wagonjwa walijijaribu wenyewe, wakajidunga elektrodi usoni, chini ya jicho, ili wajue inavyohisi. Nawaheshimu kwa hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa walikilalia.

Mwaka huo huo, huko Cleveland, Marekani, mpasuaji kijana Norman Shealy alikwenda ndani zaidi. Yeye alitaka kuufikisha umeme kwenye kamba yenyewe ya uti wa mgongo, upande wa nyuma, ambako nyuzi nyingi za mguso hupita. Alishajaribu kwa paka. Kifaa chenyewe kilitengenezwa kwa msaada wa Thomas Mortimer, mwanafunzi wa uhandisi. Machi 1967 walikiweka kwa mzee wa miaka 70 aliyekuwa na saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa, maumivu yamemshika kifua na tumbo. Nguvu ya umeme ilitoka kwenye kisanduku cha nje.

Mzee alisema maumivu yamepungua. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Ripoti ya kwanza ya tiba hii duniani ilisimama juu ya mtu mmoja aliyekuwa anaelekea kufa, na juu ya kauli yake.

Kampuni hazikukawia. Teknolojia ilikuwa tayari ipo kwenye moyo. Mwaka wa 1958 madaktari wa Sweden walikuwa wameweka kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo ndani ya mwili wa Arne Larsson, ambaye aliishi mpaka 2001. Huko Minneapolis, fundi wa stima Earl Bakken, aliyeanzisha kampuni ya Medtronic kwenye gereji mwaka wa 1949, alishatengeneza cha kwake cha betri, cha kuvaliwa nje, mwaka wa 1957. Kama stima inaweza kuuongoza moyo, kwa nini isiongoze mgongo? Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vifaa vya mgongo vilikuwa sokoni, na katika miaka ya 1980 betri nayo ikaingia ndani ya mwili.

Siku hizi inafanywa hivi. Sindano ndefu inaingizwa kati ya pingili, waya mwembamba wenye elektrodi unapitishwa hadi nje kidogo ya utando unaofunika kamba ya neva. Kwa karibu wiki moja unatembea na betri ikiwa nje, kwa majaribio. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, unarudi, betri ndogo inazikwa chini ya ngozi, kwa kawaida juu ya tako. Nyingine unazichaji kama simu, unavaa mkanda kiunoni unakaa unatazama habari.

Sasa, je, inafanya kazi? Nilitaka jibu la ndiyo kabisa. Nilishaanza hata kuhesabu michango, nani atatoa ngapi, harambee tuifanyie wapi.

Kuna utafiti uliochapishwa 2007, wa wagonjwa 100 wa aina ya Mama: mgongo ulipasuliwa, mguu bado unauma. Baada ya miezi sita, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walisema maumivu ya mguu yamepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliotumia tiba ya kawaida pekee ilikuwa asilimia 9. Mwaka uliofuata Uingereza ikakubali kifaa hicho kwenye huduma zake za umma. Ndiyo maana binamu yangu alikifahamu.

Lakini kulikuwa na shimo kwenye tafiti za zamani, na ukishaliona huwezi kuliondoa machoni. Kifaa cha kawaida kinapowashwa unahisi mguu ukichomachoma kama ulioshikwa na ganzi. Kwa hiyo kila mgonjwa alijua kama amewashiwa au la. Huwezi kumpa mtu kifaa bandia kwa siri. Na tumeshaona kwamba matumaini nayo yana namba ya soja. Kwa miaka karibu 50 ilikuwa vigumu kutenganisha kazi ya stima na kazi ya tumaini.

Kisha zikaja aina mpya za mawimbi ambazo mgonjwa hazihisi. Watafiti wa Norway wakaitumia nafasi hiyo. Walichukua wagonjwa 50 wa mguu unaouma baada ya upasuaji wa mgongo, wakawasha na kuzima kifaa kwa vipindi vya miezi mitatu mitatu, bila mgonjwa kujua. Matokeo yalitoka 2022: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya kifaa kilichowashwa na kilichozimwa. Mwaka wa 2023 wakaguzi wa tafiti wa Cochrane nao wakaandika kwamba kwa maumivu ya kiuno, kifaa hiki huenda hakishindi kile cha bandia baada ya miezi sita. Waandishi wa habari walikuwa wamechimba rekodi za Marekani mapema zaidi, 2018, wakakuta ripoti zaidi ya 80,000 za matukio tangu 2008: watu kupigwa shoti, kuungua, waya kuhama. Ripoti si ushahidi kwamba kifaa ndicho kilisababisha, lakini si namba ya kupuuza.

Wako madaktari wanaopinga utafiti wa Norway, wakisema mawimbi hayo hayakupangwa vizuri. Kwa maumivu ya neva ya wagonjwa wa kisukari, Marekani iliidhinisha aina moja ya kifaa mwaka wa 2021. Ubishi unaendelea. Na Shealy mwenyewe, baba wa hiki kitu, katika miaka ya 1970 alikuwa ameshakipa kisogo, akafungua kituo cha kutibu maumivu kwa mazoezi, kutuliza akili na njia nyingine zisizo kisu.

Nilikasirika, sitaficha. Nilihisi nimetapeliwa na historia. Nimeanza na samaki, nimefika kwenye betri, na mwishowe nimerudi Roma: mtu anasema nimepona, na hatujui ni samaki au ni kuamini samaki.

Nikarudi kwa Melzack. Kabla ya nadharia ya lango, alikuwa akikaa na wagonjwa na kuandika maneno yao. Mmoja alikuwa mama mzee aliyekatwa miguu kwa sababu ya kisukari, ambaye alielezea maumivu ya miguu isiyokuwepo kwa maneno mengi kiasi kwamba Melzack alianza kuyakusanya. Mwaka wa 1975 alichapisha dodoso lenye maneno 78, yamepangwa katika makundi 20. Linatumika mpaka leo. Mtu aliyetuletea lango hakuwa ametafuta mashine ya kumpita mgonjwa. Alitafuta namna ya kumsikiliza vizuri. Hata hiki kifaa cha mamilioni, fundi akikirekebisha, anauliza: hapa je? Na hapa? Anasubiri jibu.

Jumapili moja nikachukua kalamu na karatasi, nikakaa na Mama. Nikamwambia, "Usiniambie unauma. Niambie unauma vipi."

Alidhani ni mchezo. Kisha akaanza. Asubuhi mguu unafukuta, kama makaa yaliyofunikwa jivu. Akisimama sana kwenye jiko unapwita. Maji baridi yakiugusa unachonyota. Usiku ni siafu, wanapanda kutoka kisigino, wanafika nyuma ya goti, wanasimama hapo. Wakati mwingine ni kama mtu amekamata mshipa ndani na anaukunja taratibu. Niliandika karatasi mbili. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemuuliza, "Bado unauma?" na akanijibu, "Bado." Hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu yote.

Nilimwomba msamaha wa ile siku ya matatu. Akasema alishasahau. Najua hakusahau.

Hatujafanya harambee ya kifaa, na kwa niliyoyasoma sitaki tuifanye kwa sasa. Tulipata kliniki nyingine inayoshughulika na maumivu. Tulibeba zile karatasi. Daktari, mwanamke wa rika langu, aliweka picha pembeni bila kuiangalia kwanza, akasoma karatasi zote mbili, taratibu, akapigia mstari maneno mawili matatu. Akatuandikia dawa za neva, ambazo zimesaidia kiasi, na mazoezi ambayo Mama anayachukia. Mguu bado unauma.

Lakini kabla ya kuandika chochote, alivuta kiti karibu. "Mama, hawa siafu," akasema, "huanza saa ngapi?"

Mama aliweka mkoba chini, akajiweka sawa kitini, akaanza kumweleza.